SOMO LA MWEZI: BARZILAI ALIJUA MPAKA WAKE

Masomo: 2 Samweli 19:31–39, Kumbukumbu la Torati 22:8



Barzilai Mgileadi alikuwa na miaka 80 alipomsindikiza Mfalme Daudi kuvuka Yordani. Mfalme alitaka waende wote Yerusalemu. Mzee alikataa kwa adabu, akakiri kwamba hawezi tena kuonja vizuri wala kusikia waimbaji kama zamani. Hakuona haya. Akamtoa Kimhamu aende badala yake, naye akarudi kwake na baraka ya mfalme.

Somo hili latugusa sisi wa Ihanda, tukaao kando ya barabara kuu ya kwenda Zambia. Mchana na usiku malori hupita kwenda na kutoka Tunduma. Bodaboda hukatiza, watoto huvuka kwenda shule. Wako wazee wetu ambao bado hushika usukani wa pikapu, au hupanda pikipiki kwenda shambani. Wameendesha miaka mingi kwa uangalifu, nasi twawaheshimu. Lakini mwili hubadilika. Mtoto wa jicho huingia polepole bila maumivu. Taa za lori linalokuja hupofusha. Shingo hukataa kugeuka. Mguu huchelewa kufika kwenye breki.

Uingereza, leseni hufikia mwisho mtu atimizapo miaka 70, kisha huombwa upya kila miaka 3. Japani, tangu mwaka 2009, wenye miaka 75 na zaidi hupimwa kumbukumbu kabla ya kuhuisha leseni. Januari 2019, Prince Philip, mume wa Malkia Elizabeth wa Pili, akiwa na miaka 97, aligongana na gari jingine karibu na Sandringham. Wanawake wawili waliumia. Mwezi uliofuata aliirudisha leseni yake kwa hiari. Kwetu pia leseni huhuishwa, lakini kadi iliyo mfukoni haipimi macho ya mtu kila asubuhi. Hapo dhamiri yatakiwa kusema.

Torati iliagiza ajengaye nyumba aweke ukingo darini, mtu asije akaanguka. Mwenye nyumba hakungoja mtu aanguke kwanza. Ukingo wetu ni kupimwa macho, kumwuliza daktari kama dawa tunazomeza huleta usingizi, kuacha safari za usiku, na mwishowe kutoa ufunguo.

Nanyi vijana, msimnyang'anye baba ufunguo kwa maneno makali. Barzilai alikuwa na Kimhamu. Mzee atauachia usukani kwa moyo mweupe akijua yupo wa kumpeleka kanisani, kliniki na msibani. Mkimwondolea gari bila kumpa dereva, mmemfunga nyumbani.

Maswali ya kujadili jumuiyani:
1. Kwa nini Barzilai hakuona aibu kutaja udhaifu wake?
2. Katika nyumba yetu, nani aweza kumwambia mzee ukweli, na kwa maneno gani?
3. Jumuiya yetu itawasaidiaje wazee walioacha kuendesha wafike ibadani?

Tuombe: Ee Bwana, utujalie hekima ya kujua mpaka wetu, na upendo wa kubebana. Amina.