Dirisha la Darini
Somo la wiki. Andiko: 1 Wafalme 17:1-7



Jumapili, ibada ya pili, nilihubiri juu ya Eliya akiwa mafichoni, na katikati ya ujumbe nikawapa kisa cha Anne Frank. Nilikikatiza pale mti ulipochanua, makofi yakapigwa, tukaingia kwa maombi. Baadaye nikisalimiana na watu mlangoni, mama mmoja akanishika mkono na hakuuachilia. "Mchungaji, huyo msichana alipona?"

Jibu nilikuwa nalo. Nililiacha makusudi kwa sababu ujumbe ulikuwa unatoka vizuri. Nikamwambia, "Hapana mama, hakupona." Akaniangalia. "Sasa huo mti ulikuwa wa nini?"

Wiki hii nimeamua kuandika somo lote, pamoja na ile sehemu niliyoikwepa.

Tuanze na Eliya. Amemwambia mfalme Ahabu kwamba mvua haitanyesha, na sasa lazima atoweke. Mungu anamtuma karibu na kijito cha Kerithi, mashariki mwa Yordani. Kunguru wanamletea mkate na nyama asubuhi, na tena jioni. Hebu kumbukeni kunguru ni ndege gani: Walawi 11:15 inamweka kati ya ndege wasio safi. Eliya hakuchaguliwa njiwa. Tena hakuna mahali tunaambiwa kunguru walileta chakula cha wiki nzima. Kilikuja cha asubuhi, kisha cha jioni.

Anne alikuwa Myahudi, mzaliwa wa Ujerumani, na familia yao ilikimbilia Uholanzi utawala wa Hitler ulipoanza. Vita vikawafuata huko huko. Tarehe 5 Julai 1942 dada yake mkubwa, Margot, aliletewa barua ya kumwita kwenye kambi ya kazi. Kesho yake familia ikaingia mafichoni, mjini Amsterdam, katika sehemu ya nyuma ya jengo la biashara ya baba yao. Anne alikuwa na miaka 13. Mlango ulifichwa nyuma ya kabati la vitabu. Mwishowe walikuwa watu wanane humo ndani. Mchana wafanyakazi wa ghala wakiwa chini, hakuna kutembea na viatu, hakuna kufungua maji, hakuna kukohoa ovyo. Mapazia yalifungwa. Walikaa hivyo miaka miwili na mwezi mmoja.

Mimi nilisomea biashara, kwa hivyo mnisamehe nikisimama hapa kidogo. Baba yake, Otto Frank, alikuwa akiuza pektini, ile inayofanya jamu igande, na viungo vya nyama. Wayahudi walipokatazwa kumiliki biashara, aliziandikisha kwa majina ya watu aliowaamini, na kazi ikaendelea pale mbele ya jengo huku mwenyewe amejificha nyuma. Wafanyakazi wachache wa ofisi walikuwa wakitafuta chakula, wakikipandisha ngazi kimya kimya. Miep Gies alikuwa mmoja wao. Wangekamatwa, adhabu ilikuwa yao pia, na wawili kati yao walikamatwa kweli. Ukisoma 1 Wafalme 18:4 utamkuta Obadia, ambaye aliwaficha manabii mia moja mapangoni na kuwalisha mkate na maji. Kunguru wengine wana miguu miwili na kitambulisho.

Sasa mti. Juu kabisa, darini, kulikuwa na dirisha ambalo halikuwa limezibwa. Kutoka hapo Anne aliona anga, ndege, na mti mkubwa wa chestinati uliokuwa uani nyuma ya majengo. Ile aina ambayo mbegu zake watu hawali. Katika shajara yake anautaja mara tatu, zote mwaka 1944. Februari ulikuwa mtupu, matone yaking'aa kwenye matawi. Aprili ulikuwa umeanza kutoa kijani. Mei ulikuwa umejaa majani na maua. Siku ile ya Februari aliandika pia kwamba mtu mwenye hofu au upweke, dawa yake ni kutoka nje, awe peke yake na mbingu na uumbaji na Mungu. Aliandika hivyo yeye ambaye kutoka nje kungemuua. Na Juni mwaka huo akajiuliza kama ni kule kufungiwa ndiko kulimfanya apende hivi vitu, maana zamani havikumshtua.

Baba yake, aliyeishi naye chumba kwa chumba muda huo wote, alisema mwaka 1968 kwamba hakuwa amejua mti ule ulikuwa na maana gani kwa binti yake. Wazazi, someni hapo mara mbili.

Tarehe 4 Agosti 1944 walikamatwa. Anne na Margot walikufa mapema mwaka 1945 katika kambi ya Bergen-Belsen, kabla kambi haijakombolewa. Anne alikuwa na miaka 15. Kati ya wale wanane, ni baba peke yake aliyerudi.

Kwa hivyo mti haukuwa ahadi kwamba atatoka salama. Na hapa ndipo sisi wahubiri tunapenda kudanganya kidogo. Tunasoma kunguru kwa sauti kubwa, mstari wa 7 tunaupita mbio. Lakini umeandikwa: kijito kilikauka, kwa sababu mvua haikunyesha nchini. Nabii mwenyewe aliyetangaza ukame, maji yalimwishia. Hiyo haifanyi maji ya jana kuwa ya uongo. Alikunywa kweli. Anne naye alifurahi kweli, asubuhi ya Februari, ndani ya nyumba ambayo adui alikuwa akiitafuta, na hakuna askari aliyeweza kurudi nyuma kumnyang'anya asubuhi ile. Hilo ndilo nililomwambia yule mama, kwa maneno mabaya kuliko haya.

Jambo la mwisho. Wapo kati yetu wanaoishi mafichoni leo. Kuna dada amelala kwa rafiki yake kwa sababu nyumbani anapigwa. Usimpelekee ujumbe wa kumwambia aangalie maua. Mpelekee unga, mafuta na nauli ya watoto, na usimwambie mtu yeyote anakaa wapi, hata kwa njia ya ombi la maombi. Ukishafanya hivyo, kaa naye. Kama kuna dirisha, lifungueni.

Sijui kama yule mama aliridhika. Alisema atakuja Jumatano. Tutaendelea na mstari wa 8, safari ya Sarepta, saa kumi na mbili jioni. Njooni na Biblia.