Kazi ya Kikundi Bila Kubebana: Somo kwa Wanaokwenda TP

Kila mwanachuo anaijua kazi ya kikundi ya hapa chuoni. Mhadhiri anatoa swali, watu kumi wanaunda grupu la WhatsApp, wiki nzima inapita kimya, na usiku wa mwisho mtu mmoja anakesha akiandika kurasa nane. Asubuhi wengine tisa wanatuma namba za usajili. Alama zinatoka sawa kwa wote. Tunaita kubebwa, tunacheka, maisha yanaendelea.

Sasa wengi wetu tunakaribia kwenda TP, na huko sisi ndio tutakaotoa kazi za kikundi. Mwanafunzi wa Kidato cha Pili aliyebebwa haonekani mpaka siku ya mtihani, na hapo hakuna wa kumbeba. Kwa hiyo tuulizane mapema: zile zana za kuandika pamoja kwenye intaneti, kama Google Docs, zinaweza kutusaidia kumaliza mchezo huu darasani? Jibu langu ni ndiyo, ila kwa sharti moja: mwalimu agawe kazi kiasi kwamba kila kipande kinahitaji kipande cha mwenzake. Bila hivyo, hati ya pamoja ni daftari la mtu mmoja lililofunguliwa na watu arobaini.

Tuanze na zana yenyewe. Wazo la ukurasa ambao yeyote anaweza kuuhariri si geni. Ward Cunningham aliweka wiki ya kwanza kwenye intaneti mwaka 1995. Google nao wakanunua programu iliyoitwa Writely mwaka 2006, na ndiyo iliyokua ikawa Google Docs. Leo watu hadi 100 wanaweza kuhariri hati moja kwa wakati mmoja. Lakini kwa mwalimu, kitu cha thamani zaidi ni viwili vinavyosahaulika: sehemu ya maoni pembeni, na historia ya matoleo. Ukiwa na historia unaona hati ilivyokuwa saa nne asubuhi na ilivyokuwa saa tano. Ukitaka kuelewa ninachosema, fungua ukurasa wowote wa Wikipedia ya Kiswahili, bonyeza neno historia, usome jinsi ulivyojengwa sentensi kwa sentensi.

Upande wa ualimu pia hatubuni kitu kipya. Mwaka 1971 huko Austin, Texas, mwanasaikolojia Elliot Aronson na wenzake walianzisha mbinu ambayo kila mwanafunzi anapewa kipande kimoja cha somo, na hakuna anayeweza kulielewa lote bila kumsikiliza mwenzake. Na hapa kwetu, Mwalimu Nyerere katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 alitaka shule ijenge moyo wa kushirikiana kuliko wa kila mtu na lwake. Hati ya pamoja inatupa tu uwanja wa kuyafanya hayo.

Haya, tuingie darasani. Chukua hali ya kawaida: wanafunzi 40, kompyuta 8 zinazowaka, vipindi viwili vya mfululizo, yaani dakika 80. Somo ni Historia ya Tanzania na Maadili, mada ni Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907. Wanafunzi wanakaa watano kwa kila kompyuta. Hati ni moja tu, na umeshaiandalia vichwa vinane:

1. Kodi ya Wajerumani
2. Mashamba ya pamba na kazi za kulazimishwa
3. Kinjikitile Ngwale na imani ya maji
4. Vita kuanza Umatumbi
5. Vita kuenea kusini
6. Wangoni na Songea Mbano
7. Wajerumani kuchoma mashamba na maghala
8. Njaa na matokeo mengine

Ratiba iwe hivi. Dakika 10 za mwanzo, eleza kazi. Dakika 25, kila meza inaandika aya chini ya kichwa chake kwa kutumia kitabu. Dakika 15, hakuna kuandika aya: meza ya 1 inasoma kazi ya meza ya 2, ya 2 inasoma ya 3, hadi ya 8 inayosoma ya 1, na kila meza inaacha maswali mawili kwenye sehemu ya maoni. Dakika 20, kila meza inajibu maswali iliyoulizwa kwa kurekebisha aya yake. Dakika 10 za mwisho, hati inasomwa kwa sauti.

Na kibodi isiwe mali ya mjanja mmoja. Kila dakika 12 mchapaji anampisha mwingine. Dakika za kazi ni 60, watu ni watano, hesabu inakubali: wote wamegusa kibodi. Wanne waliobaki wasikae kushangaa. Mmoja anasoma kitabu, mwingine anahakiki tarehe na majina, wa tatu anapanga sentensi, wa nne anashika saa. Nafasi zinazunguka pamoja na kibodi.

Utamu wenyewe uko kwenye maswali. Meza ya 3 itaandika kwamba Kinjikitile alinyongwa Agosti 1905. Meza ya 5 itaandika kwamba vita vilisambaa na kuendelea hadi 1907. Kila aya ikisomwa peke yake haina shida. Zikikaa kwenye hati moja, lazima mwanafunzi mmoja aulize: sasa kiongozi kanyongwa mwanzoni kabisa, vita viliendeleaje? Hapo meza ya 5 inarudi kwenye kitabu kutafuta jinsi ujumbe wa maji ulivyosafiri na viongozi wengine, akina Songea Mbano, walivyoingia. Swali hilo lisingezaliwa kama kila kikundi kingekabidhi karatasi yake na kuondoka. Na kama halikuzaliwa lenyewe, liandike wewe mwalimu kwenye maoni, kisha nyamaza.

Kwenye kusahihisha, kuwa makini. Historia ya matoleo inaonyesha vidole, haionyeshi vichwa. Aliyechapa sentensi kumi huenda alikuwa anaandika anachotamkiwa na jirani yake. Mtoto mwenye laptop nyumbani atachapa haraka, na wa kijijini aliyegusa kompyuta wiki iliyopita atatafuta herufi moja moja. Ukitoa alama kwa wingi wa maneno, umempa alama mzazi mwenye hela. Toa alama kwa badiliko: swali liliulizwa, aya ilibadilika vipi? Linganisha toleo la kabla na la baada ya maoni. Kisha mchague mmoja wa meza, yeyote, akueleze kwa mdomo kwa nini walibadilisha. Wakijua kwamba yeyote anaweza kuitwa, wataelezana wenyewe kabla hujaita.

Kuna mambo madogo yanayoweza kukuharibia siku. Wanaoingia kwa linki bila akaunti, Google inawaonyesha kwa majina ya wanyama, na historia haitakuambia ni nani. Dawa yake ni rahisi: kila mchapaji aweke herufi za mwanzo za jina lake mwishoni mwa sentensi zake. Majina kamili na namba za simu zisiandikwe, maana hati yenye linki wazi inasomeka na yeyote aliye na linki. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na watoto wa watu ni amana. Kipindi kikiisha, badilisha linki iwe ya kusoma tu.

Halafu usitoe kazi ya hati ya pamoja kama kazi ya nyumbani. Shule nyingi haziruhusu mwanafunzi kuwa na simu, na nyumbani simujanja ni ya baba, bando nalo ni la kubahatisha. Kazi ifanyike ndani ya saa za shule, kwa vifaa vilivyopo. Walimu wengi wa shule za umma wana vishikwambi, vikiwemo vile vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022; omba kwa heshima, kimoja kinaweza kuziba pengo la kompyuta mbovu. Intaneti ikiwa ya simu yako, jaribu siku moja kabla uone simu inahimili vifaa vingapi. Hati ya maneno matupu haili bando kama video, hivyo bumu halitaisha lote.

Na umeme ukikatika? Somo halifi. Bandika karatasi nane za bango kitita ukutani, kila meza ipewe kalamu ya rangi yake. Wanaandika, wanazunguka, wanaacha maswali kwenye karatasi ya jirani, wanarudi kujibu. Rangi ndiyo historia ya matoleo. Kama mpangilio wako wa kazi unafanya kazi ukutani, utafanya kazi na kwenye kompyuta. Kama haufanyi kazi ukutani, intaneti haitauokoa.

Kwa hiyo kabla hujapanda basi la kwenda kituo chako, fanya jaribio hapa hapa chuoni. Kazi ya kikundi inayofuata, fungueni hati moja, kila mtu apewe kichwa chake, na kila mtu aache maswali mawili kwa jirani yake siku tatu kabla ya kukusanya. Mtakaoshindwa kujibu mtajijua. Heri mjijue sasa, mkiwa watu wazima kwa watu wazima, kuliko kujifunza mbele ya watoto arobaini wanaokuita mwalimu.

TP njema.