Somo la Punje Mia Moja: Kufundisha Mgawanyo wa Fedha za Umma

Wanachuo warudipo kutoka mazoezi ya kufundisha, mara nyingi hutueleza kwamba vipindi vihusuvyo serikali na jamii ni vizito. Neno "bajeti" huandikwa ubaoni, hunakiliwa daftarini, na huishia hapo. Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha njia moja ya kulifundisha jambo hilo katika darasa la sita, ili wanafunzi watambue kwamba fedha za umma zinapopungua haitoshi kuuliza zimepungua kiasi gani. Hatuna budi kuuliza pia ni nani anayeachwa nje.

Usuli anaouhitaji mwalimu

Mwalimu atakayefundisha Itiryo, wilayani Tarime, hana haja ya kutafuta mfano mbali. Ni katika mji wa Musoma, makao makuu ya mkoa wake, ambako Halmashauri Kuu ya TANU iliazimia Novemba 1974 kwamba ifikapo 1977 kila mtoto wa umri wa kwenda shule awe amepata nafasi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 uandikishaji ulikaribia asilimia 100. Lakini uchumi ulikuwa umebanwa na bei ya mafuta, Vita ya Kagera ya 1978–1979 na bei ndogo za mazao. Fedha za elimu zikapungua, na katikati ya muongo huo wazazi wakatakiwa kuchangia.

Mjadala ukapamba moto. Wapo waliosema kuwa ni heri mzazi achangie kuliko mtoto akae katika darasa lisilo na kitabu. Wengine walisema kuwa mchango, hata ukiwa mdogo, humtoa kwanza mtoto wa maskini. Katika miaka ya 1990 uandikishaji ulikuwa chini ya asilimia 80. Sababu zilikuwa nyingi, na michango ilikuwa mojawapo. Ada ilipofutwa mwaka 2001 na mpango wa MMEM kuanza mwaka 2002, wanafunzi waliongezeka kutoka milioni 4.4 hivi mwaka 2000 hadi milioni 7.5 mwaka 2005.

Mwalimu ajue pia kwamba fedha huweza kupungua pasipo mtu yeyote kutangaza. MMEM iliweka ruzuku ya dola 10 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, yaani takriban sh. 10,000 za wakati ule. Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, ruzuku ilikuwa sh. 10,000 zilezile, ilhali dola moja ilikuwa imezidi sh. 2,000. Tarakimu ilibaki vilevile; chaki na karatasi zilizoweza kununuliwa zilipungua.

Hatua za somo

Zana ni punje 100 za mahindi na vipande vitano vya karatasi kwa kila kundi la wanafunzi sita.

Hatua ya kwanza: vipande viandikwe mahitaji ya shule: vitabu na chaki, madawati, ukarabati wa vyoo, njia ya mteremko mlangoni kwa mtoto asiyeweza kupanda ngazi, vitabu vya maandishi makubwa kwa mwenye uoni hafifu. Kundi ligawe punje zote.

Hatua ya pili: mwalimu achukue punje 40 kutoka kila kundi. Wanafunzi wakubaliane mahali pa kupunguza na waandike sababu. Tutarajie kwamba makundi mengi yatagusa kwanza mahitaji mawili ya mwisho, kwa kuwa wanaoyahitaji ni wachache.

Hatua ya tatu: mwalimu asikaripie. Aulize tu: "Atakayekitumia kitu hiki, je, alikuwapo tulipokuwa tukipunguza?" Wahenga walinena kuwa asiyekuwapo na lake halipo. Watoto wa Kikuria wanalifahamu ritongo, mkutano wa jamii. Waulizwe ni nani husema pale, nani husikiliza, na nani hubaki nyumbani.

Hatua ya nne: mgawanyo urudiwe, mwanafunzi mmoja katika kila kundi akimsemea asiyekuwapo. Punje zibaki 60. Mwalimu asishawishike kuongeza hata moja, maana hapo ndipo penye kiini cha somo: jamii ya watu wote hujengwa hata wakati wa uhaba, kwa namna uhaba wenyewe unavyogawanywa.

Tahadhari

Kwanza, mwanafunzi mwenye ulemavu asifanywe zana ya kufundishia. Aseme akipenda, na akipenda kunyamaza aachwe. Pili, pasiulizwe ni mzazi wa nani aliyeshindwa kutoa mchango. Tatu, mwalimu asipigie debe chama chochote. Hoja za pande zote mbili azieleze kwa uzito ulio sawa.

Tathmini

Kila mwanafunzi aandike sentensi tatu: alichopunguza, mtu aliyeguswa, na maneno atakayomwambia mtu huyo ana kwa ana. Sentensi ya tatu ndiyo kipimo chetu. Sababu isiyoweza kusemwa mbele ya aliyepunguziwa inafaa kufikiriwa upya.

Kipindi kikiisha, mwalimu naye afungue daftari la mahudhurio. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa kila mtoto mwenye ulemavu haki ya kusoma, lakini sheria haipiti nyumba kwa nyumba. Mwalimu hupita. Aanze na jina lililokosa alama kwa muda mrefu kuliko yote.