Nani Ashike Kisu?

Jumanne

Soma 1 Wakorintho 10:23-33. Paulo anamruhusu Mkristo afanye nini anaponunua nyama sokoni? Ni nini kinachobadilika pale mtu mwingine anapokuwa naye mezani?

Familia ya Kiadventista ya Gulwe, wilayani Mpwapwa, inapoandaa harusi, kuna kazi moja ambayo baba mwenye nyumba huiacha kwa mwingine, ingawa amekulia zizini na kisu anakijua vizuri. Alfajiri hutumwa kijana kwenda kumwita mzee jirani, Mwislamu, aje awachinje mbuzi. Hakuna sheria inayomlazimisha. Anafanya hivyo ili mchana sahani zitakapopita, asiwepo mgeni wa kukaa pembeni na soda mkononi.

Desturi hii iko sehemu nyingi za Tanzania, nyumbani na kwenye machinjio yanayolisha mabucha. Katika nchi ya Wagogo Ukristo na Uislamu ni majirani wa siku nyingi. Misafara ya kutoka pwani ilipita Mpwapwa kuelekea bara, na wamishonari wa CMS walifika hapo kwa njia hiyo hiyo katika miaka ya 1870.

Lakini desturi inaweza kuvunjika. Mwanzoni mwa 2013 baadhi ya Wakristo katika mikoa ya Mwanza na Geita walianza kuchinja na kuuza nyama yao wenyewe. Hoja yao haikuwa ya kipuuzi: kwa nini dini moja tu iwe na haki ya kuchinja kwa ajili ya umma? Februari mwaka huo, katika mji mdogo wa Buseresere, ugomvi huo uligeuka ghasia, na mchungaji mmoja wa Kipentekoste akauawa. Aprili ghasia nyingine za kuchinja zikatokea Tunduma, mpakani na Zambia. Viongozi wa serikali walitaka desturi ya zamani iendelee. Baadhi ya viongozi wa makanisa wakakataa. Katikati ya mabishano hayo kulikuwa na familia iliyokuwa imefiwa.

Je, nyama iliyochinjwa na Mwislamu kwa kutaja jina la Mungu kwa Kiarabu imetolewa sadaka kwa sanamu? Swali hili huulizwa hata katika vikundi vyetu. Korintho hali ilikuwa ngumu kuliko yetu, maana nyama nyingine ya sokoni ilitoka kweli kwenye mahekalu ya miungu. Hata hivyo Paulo hakumtaka mnunuzi amhoji muuzaji. Dunia na vyote vilivyomo ni vya Bwana. Alichokataza ni kushiriki ibada yenyewe ya sanamu (fungu la 14-21). Mwislamu anapochinja hamtolei mnyama sanamu, na damu anaimwaga, jambo ambalo Matendo 15:28, 29 linapaswa kutukumbusha kabla hatujalalamika.

Soma Matendo 16:1-3, kisha Wagalatia 2:3-5. Kwa nini Paulo alimtahiri Timotheo, lakini akakataa kabisa Tito asitahiriwe?

Tohara ilikuwa ile ile. Kwa Timotheo ilikuwa zawadi: Paulo alitaka Wayahudi wa miji ile wampokee kijana huyo. Kwa Tito ilikuwa dai: kuna watu waliotaka kuigeuza kuwa sharti la injili, na Paulo hakuwaachia hata kidogo. Tendo moja lilikuwa uhuru kwa mmoja na utumwa kwa mwingine.

Hapa ndipo suala la kisu linapoeleweka. Baba wa Gulwe anayempa jirani kisu kwa hiari anafanya kama Paulo kwa Timotheo. Anayeambiwa kwamba Mkristo hana haki ya kuchinja popote ana sababu ya kusema hapana, kwa utaratibu na kwa mdomo. Waadventista, ambao wametetea uhuru wa dini tangu siku za waanzilishi wao, hawapaswi kuona haya kusema hivyo. Lakini haki ya kukataa haimlazimishi mtu kuitumia kila siku, wala haimpi ruhusa ya kuchinja mbele ya jirani ili kumkomoa.

Wengine hutaka kumaliza ubishi kwa Kurani yenyewe. Ni kweli kwamba sura ya 5, aya ya 5, inawahalalishia Waislamu chakula cha watu wa Kitabu, na wanazuoni wao wamejadili kwa muda mrefu masharti yake. Ila hilo ni lao kuamua. Warumi 14 haimtumi mwenye imani iliyo imara akamshinde ndugu yake kwa hoja mpaka ale huku dhamiri inamsuta.

Nasi tuna mtihani wetu wa pembeni. Aprili 1993 maduka ya nyama ya nguruwe yalishambuliwa Dar es Salaam. Mwadventista, ambaye kwa Mambo ya Walawi 11 haigusi nyama hiyo, angeweza kunyamaza na hata kufurahi kimoyomoyo. Lakini mali iliyoharibiwa ilikuwa ya mtu, na Mungu hajawahi kulinda usafi wa chakula kwa mawe ya umati.

Kwa kujadili: Kikundi chenu kinaandaa chakula cha wageni wa mkutano wa injili. Ndugu mmoja anasema tuchinje wenyewe, kwa kuwa kumwita Mwislamu ni kuificha imani. Dada mwingine anasema basi tupike maharage tu, suala liishe. Majirani Waislamu wamealikwa, na wamesema watakuja. Mtamjibu nini ndugu huyo? Je, maharage ya dada yanamaliza suala lenyewe, au yanaliahirisha mpaka harusi ijayo?