Mafunzo Niliyopata Nikiwa Katibu wa Kamati ya Harusi

Mdogo wangu alipoposa Moshi na barua ikajibiwa vizuri, wazee walinikabidhi ukatibu wa kamati ya harusi hapa Dar es Salaam. Nilikuwa nimeshakaa kwenye kamati nyingi kama mjumbe wa kawaida, lakini ukatibu ni kazi nyingine kabisa. Niligundua kwamba presha ya harusi haitokani na uhaba wa fedha peke yake. Sehemu kubwa inatokana na watu kutojua nani ana neno la mwisho juu ya nini, na wanaoumia zaidi ni maharusi wenyewe.

1. Tarehe inaanzia kwa paroko, siyo ukumbini

Kumbi nzuri huwahiwa mapema, hasa za Jumamosi, kwa hiyo watu hukimbilia kulipa kianzio kabla ya kufika kanisani. Sisi tulianza kwa paroko. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya kusudio la kuoana itolewe angalau siku 21 kabla ya ndoa. Kanisani matangazo yalisomwa Jumapili tatu, na kwa kuwa bibi harusi alitoka parokia nyingine, yalisomwa huko pia. Kuna mafundisho ya ndoa, na kuna cheti cha ubatizo ambacho lazima kifuatwe parokia mtu alikobatizwa, hata kama ni kijijini Rungwe ambako hajakanyaga tangu utotoni. Parokia nyingi hazifungishi ndoa wakati wa Kwaresima, hivyo wiki za kabla yake hujaa haraka. Upande wa bibi harusi nao walikuwa na sendofu yao ya kupanga. Tulipopata jibu la paroko ndipo makatibu wa pande mbili tukapigiana simu, na ukumbi ukatafutwa baada ya hapo.

2. Ahadi si taslimu

Hapa ndipo usingizi wa kamati nyingi unapopotelea. Daftari langu lilikuwa na safu za jina, ahadi, alichotoa, baki, tarehe, na njia aliyotumia: simu, benki au mkononi. Kabla ya kila kikao mimi na mweka hazina tulikaa tukalinganisha ujumbe wa simu yake na daftari, mstari kwa mstari. Mwenyekiti wetu, mzee mmoja mstaafu, alikataza taarifa ya fedha kuanza na ahadi. Alikuwa na sababu nzuri. Ukitangaza kwamba ahadi zimefika milioni 20, makofi yatapigwa, na hapo hapo mtu wa mapambo ataongeza maua, wa vinywaji ataongeza kreti, na wote wawili watakuwa wametumia fedha ambayo bado iko mifukoni mwa wenyewe.

Bajeti tuliigawa mara mbili. Ya lazima ilikuwa chakula, ukumbi, vinywaji na usafiri wa wazee. Ya pili tuliiita "tukijaliwa": matarumbeta, fataki, gari la kifahari. Hakuna mkataba uliosainiwa kwenye orodha ya pili mpaka ya kwanza ilipwe yote.

Kukumbushana nako kuna namna yake. Sijawahi kupenda mtindo wa kubandika majina ya wadaiwa kwenye grupu la WhatsApp. Nilimpigia kila mtu faragha. Kaka mmoja tuliyesoma naye alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Nilipunguzwa kazini. Hata hilo grupu naona haya kulifungua." Nilimwambia ahadi tumeifuta na kadi yake iko palepale. Alikuja, na ndiye aliyesimamia maegesho ya magari tangu jioni mpaka mwisho.

3. Kila jambo liwe na mwenyewe

Usiku mmoja shangazi alinipigia.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Hivi nani kawaambia zambarau? Sisi huku tumeshashona vitenge vya kijani!"

Ningeweza kubishana naye saa nzima, au kumwahidi kubadilisha. Badala yake nilimwambia mapambo yako mikononi mwa dada yetu mkubwa, naye atampigia asubuhi. Akapiga kweli. Kijani cha shangazi kikaingia kama majani ya kupambia meza, vitenge havikuguswa, na wala jambo hilo halikufika kwenye kikao. Tulikuwa tumekubaliana tangu mwanzo: chakula na mtu wake, vinywaji na wake, usafiri na wake, na namba zao zikaandikwa juu kabisa kwenye grupu. Mwenye jambo anasikiliza wote, lakini anaamua yeye. Wazee wengi, nilivyoona, hawataki kuamua. Wanataka kusikilizwa, na ni haki yao.

4. Maharusi watoke kwenye grupu

Tuliwatoa, na simu ya bibi harusi ikashikwa na mdogo wake kwa siku za mwisho. Bwana harusi alinung'unika kidogo. Halafu akaanza kulala.

5. Kadi ndiyo hesabu ya sahani

Mpishi analipwa kwa kichwa, kwa hiyo kadi ya watu wawili ni sahani mbili, siyo heshima tu. Niliandika namba kwenye kila kadi na jina la mjumbe aliyeipeleka. Wiki ya mwisho tulimpa mpishi idadi kamili, pamoja na sahani za akiba kwa ajili ya madereva, wapiga picha, na yule jirani atakayekuja bila kadi kwa sababu amemlea bwana harusi. Huyo harudishwi getini. Mpangieni mapema.

6. Chakula kisisubiri hotuba

Nilikaa na mshereheshaji na ratiba mkononi, nikamwomba jambo moja tu: chakula kitangulie foleni ya zawadi. Mama mkubwa alikuwa amesafiri kwa basi kutoka Mbeya, ana kisukari, na nimeshaona sherehe ambazo wazee wa aina yake wanakaa na glasi ya soda mpaka saa tano usiku huku kila idara ya ofisi inacheza kuelekea mbele. Utambulisho ukafupishwa, ndafu iliyoletwa na wakwe ikakatwa, watu wakala, na muziki ukafunguliwa wakiwa na nguvu za kuucheza.

7. Kamati ivunjwe kwa hesabu

Kikao cha kuvunja kamati wengi hukichukulia kama cha kumalizia vinywaji. Sisi tulisoma mapato na matumizi yote, stakabadhi zikiwa mezani, na deni la mtu wa viti likalipwa mbele ya wajumbe. Kilichobaki walikabidhiwa maharusi, pamoja na daftari. Hilo daftari ni mali yao kweli, maana kila aliyeandikwa mle ana mtoto, mdogo au mpwa atakayeoa au kuolewa. Kadi ya mchango inapoingia nyumbani kwao sasa, shemeji hutafuta jina kwenye daftari kwanza, ndipo wanakaa wawili kupanga watatoa nini.