Upatanisho wa Mahali: Kumwelekeza Mgeni Mjini Gisenyi

Katika somo lililotangulia tuliona kwamba kiambishi -ni huifanya nomino iwe ya mahali: soko, sokoni, ziwa, ziwani. Hata hivyo, -ni peke yake haituelezi mahali hapo ni pa namna gani. Kazi hiyo hufanywa na upatanisho: pa- kwa mahali mahususi, ku- kwa mahali pasipo na mipaka dhahiri, na mu- kwa ndani. Tumchukue mgeni aliyefika Gisenyi, kando ya Ziwa Kivu, akauliza ale nini, anunue wapi na atembelee wapi. Tutamjibu:

(a) Ziwani mna sambaza, samaki wadogo wanaovuliwa usiku kwa taa.
(b) Sokoni panauzwa vitenge.
(c) Ufukweni kunapendeza jioni.

Katika (a), samaki wamo majini. Katika (b), tunaonyesha mahali pamoja panapojulikana. Katika (c), tunasifu eneo zima. Tukisema "Sokoni mnauzwa vitenge", hatujakosea. Tumemwingiza mgeni ndani ya soko. Lakini "*Sokoni linauza vitenge" ni kosa, kwa maana nomino ikishapokea -ni huacha ngeli yake ya awali.

Tofauti hii huonekana pia katika kihusishi cha -a unganifu. Linganisha:

(d) Gisenyi iko magharibi mwa Rwanda.
(e) Goma iko magharibi kwa Rwanda.

Mwa hutuweka ndani ya nchi. Kwa hututoa nje yake. Konsonanti moja imetuvusha mpaka na kutufikisha Kongo. Vivyo hivyo, chemchemi za maji moto za Nyamyumba ziko kusini kwa mji. Tukisema "kusini mwa mji", mgeni atazitafuta mitaani asizione. Wasemaji wengi huzichanganya mwa na kwa, lakini mwalimu hana budi kuzitenganisha.

Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi nchini Rwanda, lakini mwanafunzi wa Gisenyi huja darasani akiwa tayari anakisikia kwa wachuuzi wanaovuka mpaka. Huko Goma husemwa "ku soko" na "mu nyumba". Kinyarwanda nacho hutanguliza ku na mu mbele ya nomino. Basi tusimkemee mwanafunzi asemaye hivyo. Maana ya mahali anayo. Lililobaki ni kumwonyesha kwamba, katika Kiswahili sanifu, alama hizo huhamia kwenye kitenzi na vivumishi: sokoni kule, nyumbani mwangu.

Zoezi

1. Sahihisha, kisha eleza kosa: "*Ufukweni wetu ni mzuri."
2. Tunga sentensi tatu za kumwelekeza mgeni katika mji wako, ukitumia pa-, ku- na mu-.
3. Eleza tofauti ya maana: "kaskazini mwa ziwa" na "kaskazini kwa ziwa".