Umbali na Muda wa Safari ya Ndege kati ya Miji Miwili

Kila mwaka ninaposahihisha majaribio ya kidato cha nne, swali hili huwapotezea alama hata wanafunzi wazuri. Kanuni wanaijua. Wanakosea pale ambapo wanaona kazi imeshakwisha. Fuatilia mfano huu ukiwa na kalamu mkononi.

Mfano 1. Ndege inaondoka Dar es Salaam (7° Kusini, 39° Mashariki) saa 4:00 asubuhi kwenda Addis Ababa (9° Kaskazini, 39° Mashariki) kwa mwendo wa kilometa 720 kwa saa. Itafika saa ngapi? Tumia π = 3.14 na nusukipenyo cha dunia R = kilometa 6,400.

Miji yote iko kwenye longitudo moja, kwa hiyo tunashughulika na latitudo peke yake. Dar es Salaam iko kusini mwa ikweta na Addis Ababa iko kaskazini, hivyo tunajumlisha: 7° + 9° = 16°. Ukitoa utapata 2°, yaani kilometa 223 hivi. Kwa umbali huo, ukitoka Dar es Salaam kuelekea kaskazini, hujafika hata Mombasa! Jibu likikushangaza, rudi nyuma ulikague.

Umbali = 16/360 × 2 × 3.14 × 6,400 = kilometa 1,786.3

Muda = 1,786.3 ÷ 720 = saa 2.48

Hapa ndipo penye mtego mkubwa. Saa 2.48 SI saa 2 na dakika 48. Hiyo 0.48 ni sehemu ya saa, na saa ina dakika 60: 0.48 × 60 = 28.8. Safari inachukua saa 2 na dakika 29. Mwanafunzi anayeandika dakika 48 amefanya kazi yote ya jiometria sawasawa, kisha akaangukia mlangoni.

Tanzania na Ethiopia zinatumia saa zilezile, kwa hiyo hakuna cha kurekebisha. Saa 4:00 asubuhi ni 10:00 kwa mfumo wa saa 24; ndege itafika 12:29, yaani saa 6:29 mchana. Chagua mfumo mmoja na ubaki nao hadi mwisho. (Waethiopia nao huhesabu saa kuanzia asubuhi kama sisi, lakini tiketi ya ndege huandikwa kwa saa 24.)

Katika ratiba halisi muda huwa mrefu zaidi, kwa sababu ndege hutembea uwanjani, hupanda taratibu na hukutana na upepo. Kwenye mtihani usiyaongeze hayo.

Mfano 2. Tuseme ndege hiyohiyo inatoka Mombasa (4° Kusini, 40° Mashariki) saa 4:00 asubuhi kwenda Kinshasa (4° Kusini, 15° Mashariki), ikifuata latitudo. Miji yote iko mashariki, kwa hiyo tunatoa: 25°. Duara la latitudo ni dogo kuliko ikweta, ndiyo maana tunazidisha kwa kosini ya latitudo:

25/360 × 2 × 3.14 × 6,400 × kos 4° = kilometa 2,784

Karibu na ikweta kosini hupunguza kidogo sana. Kwenye latitudo 60° hupunguza umbali kwa nusu nzima, kwa hiyo usizoee kuisahau.

Muda ni 2,784 ÷ 720 = saa 3.867, sawa na saa 3 na dakika 52. Saa za Mombasa zitakuwa 13:52. Kila nyuzi moja ya longitudo ni dakika 4, hivyo 25 × 4 = dakika 100. Kinshasa iko magharibi, jua huchelewa kuifikia, kwa hiyo tunatoa: 12:12. Swali likikupa saa rasmi za nchi (Mombasa GMT+3, Kinshasa GMT+1), toa saa 2 kamili, utapata 11:52. Soma swali linataka ipi.

Zoezi. Nairobi (1° Kusini, 37° Mashariki) hadi Moscow (56° Kaskazini, 37° Mashariki), mwendo kilometa 800 kwa saa. Tafuta umbali na muda.

(Jibu: kilometa 6,364, saa 7 na dakika 57.)